Programu za Vitu Zimelipa, Ila kwa Kiasi

Msikilizaji, mtindo wa kuandika programu kwa vitu, yaani kufunga pamoja data na kazi zake, ulizaliwa Oslo, Norway, miaka ya 1960, katika lugha ya Simula ya Ole-Johan Dahl na Kristen Nygaard. Je, umewafaa waandishi wa programu? Nasema umewafaa.

Tazama DHIS2, mfumo wa takwimu za afya uliobuniwa Chuo Kikuu cha Oslo kwa lugha ya Java, unaopokea ripoti za MTUHA, yaani Mfumo wa Taarifa za Uendeshaji wa Huduma za Afya, nchini mwetu Tanzania. Humo zahanati, wilaya na mkoa ni vitu vya aina moja, kila kimoja kikijua kilicho juu yake. Kwa mfano, Mkoa wa Songwe ulimegwa kutoka Mbeya mwaka 2016. Kwa muundo huu, wilaya ya Mbozi inahamishiwa mkoa mpya pamoja na zahanati zake zote, bila programu kuandikwa upya.

Hasara ipo pale urithi, yaani aina moja ya kitu kuchukua sifa za aina iliyo juu yake, unapopangwa ngazi nyingi mno: ukigusa juu, chini kunavurugika. Wakufunzi wa Mbeya na Iringa mnaofundisha mtindo huu, acheni mifano ya mbwa na paka. Wapeni wanafunzi fomu za MTUHA wazipange wenyewe kuwa vitu.