Msichana wa Siagi na Gunia la Kahawa: Sylvester daCunha Mbele ya Wanaushirika wa Kilimanjaro



Mada niliyopewa ni chapa ya kahawa ya Kilimanjaro. Mtanivumilia nikianza na siagi, tena siagi ya maziwa ya nyati wa kufugwa wa India. Katika watu wote wa matangazo ninaowafahamu, ambaye maisha yake yana faida zaidi kwa mwanaushirika hakuwa mtu wa London wala New York. Ni Sylvester daCunha wa Bombay, jiji ambalo sasa linaitwa Mumbai, aliyefariki mwezi Juni 2023. Wengi katika kazi hiyo hujisifu kwa wingi wa wateja. Yeye jina lake lilijengwa na mteja mmoja, na mteja huyo alikuwa ushirika wa wafugaji.

Waliogoma Kaira

Wilaya ya Kaira iko Gujarat, magharibi mwa India. Katika miaka ya 1940 maziwa ya wilaya hiyo yalikusanywa na kampuni binafsi ya Polson na kupelekwa Bombay, na bei aliipanga mnunuzi. Polson ilikuwa na siagi yenye jina kubwa nchini. (Ilianza, kwa taarifa yenu, kwa kusaga kahawa, na mwenyewe, Mparsi, aliipa jina lenye sauti ya Kiingereza ili iuzike.) Mwaka 1946 wafugaji wakiongozwa na Tribhuvandas Patel waligoma kuuza maziwa kwa siku 15, wakaunda umoja wao. Mwaka 1949 akafika mjini Anand mhandisi kijana, Verghese Kurien, aliyepelekwa na serikali kwenye kiwanda kidogo cha maziwa. Wafugaji wakamwomba abaki, naye akabaki mpaka uzeeni. Katikati ya miaka ya 1950 umoja huo ulikuwa na kiwanda kikubwa chake wenyewe, na bidhaa zake zikaanza kutoka kwa jina la Amul.

Hadithi hiyo hapa Moshi haina ugeni. Walowezi wa Kizungu walipopinga Mchagga kulima kahawa ya arabika, wakulima wa mlimani waliunda chama chao, KNPA, mwaka 1925, na Joseph Merinyo akawa kiongozi wao. Mwaka 1933 ikazaliwa KNCU, umoja wa ushirika wa wakulima hao. Maana yake, umoja wetu ulikuwa na umri wa miaka 13 siku wafugaji wa Kaira walipogoma. Tuliwatangulia kwa kujipanga, kwa vitabu vya hesabu, kwa maghala, na baadaye hata kwa chuo, kwani Chuo cha Ushirika kilianzishwa mjini hapa na leo ni chuo kikuu.

Tofauti iko kwenye kitu tunachokiuza. Wao walikwenda na maziwa yao mpaka kwenye mkate wa mtu wa Bombay. Sisi tulikwenda na kahawa yetu mpaka mnadani, tukarudi nyumbani kusubiri malipo ya pili.

Msichana mwenye nywele za bluu

Mwaka 1966 kazi ya kutangaza siagi ya Amul ilipewa kampuni ya matangazo ya ASP ya Bombay, ambako daCunha alikuwa akifanya kazi. Matangazo ya kabla ya hapo yalikuwa mazito, yakisema siagi ni safi na ina afya, kama ambavyo kila mwenye siagi husema. Polson nao walikuwa na msichana wao kwenye matangazo. DaCunha akakaa na mchoraji wake, Eustace Fernandes, wakamtoa msichana wa kushindana naye: mtoto mtundu mwenye nywele za bluu na gauni la madoa, anayelamba midomo.

Kurien alikuwa ametaka mambo mawili: mchoro uwe rahisi kuchora na uwe rahisi kukumbukwa. Sababu ilikuwa ya kiufundi kabisa. Ushirika haukuwa na fedha za kuchezea, matangazo yangewekwa kwenye mabango ya barabarani, na mabango enzi hizo yalichorwa kwa mkono, tena yalihitaji kubadilishwa mara kwa mara. Mchoro wenye mikunjo mingi ungemshinda fundi rangi, na kila bango lingetoka na sura yake. Vijana wabunifu mlioko hapa, naomba mlione hilo: uhaba wa fedha ndio uliomchonga yule msichana.

Kisha daCunha akafanya jambo ambalo hadi leo ndilo linalonishangaza. Badala ya kumwacha msichana aseme kila siku kwamba siagi ni tamu, alimfanya azungumzie habari za wiki: mbio za farasi, kriketi, filamu mpya, mgomo, bajeti, ugomvi wa wanasiasa. Mtu aliyekuwa kwenye basi alinyanyua macho kutazama leo msichana amesema nini, na siagi ikapita humohumo. Mwaka 1976, wakati wa Hali ya Hatari ya Indira Gandhi, watu walipokuwa wakifungwa uzazi kwa shuruti, msichana alitokea kwenye bango amevaa kama muuguzi, amebeba sinia la siagi, akisema kwamba wao siku zote wamekuwa wakilazimisha "sterilisation", neno la Kiingereza lenye maana ya kufunga uzazi na pia ya kuua vijidudu. Wahindi walielewa utani ule mara moja. Magazeti yalikuwa chini ya udhibiti, na bango la siagi likasema. Mara nyingine shirika la ndege la Indian Airlines lilikasirishwa na bango lililogusa mgomo wake, likatishia kuacha kuwapa abiria siagi ya Amul.

Utani wa wiki hii wiki ijayo umechacha. Kwa hiyo daCunha alimwomba Kurien ruhusa ya kutoa mabango bila kuyapeleka kwanza ofisini Anand kuidhinishwa, na Kurien akakubali. Mhandisi, mtumishi wa wafugaji, alikabidhi sauti ya ushirika mzima kwa mtu wa mjini, akalala usingizi. Yalipokuja malalamiko na vitisho hakumnyang'anya. Mwaka 1969 daCunha alifungua kampuni yake, na kazi ya Amul ikamfuata. Katika miaka ya 1990 mwanawe, Rahul, aliishika, na msichana yule bado anatoka mpaka leo. Wateja wakubwa wengi hubadili kampuni ya matangazo kila wanapobadili meneja, na kila meneja mpya hutaka nembo mpya ili aonekane amefanya kazi. Ninyi mmeyaona hayo kwa macho yenu, sitataja mtu.

Nikiri pia upungufu wake. Msichana wa Amul alizungumza zaidi na watu wa mijini, kwa Kiingereza kilichochanganywa na Kihindi, na mfugaji wa kijijini Kaira huenda hakuelewa nusu ya utani wake. Pengo hilo alikuja kulijaza mtu mwingine, Piyush Pandey. Alizaliwa Jaipur mwaka 1955, baba yake akifanya kazi katika benki ya ushirika ya jimbo la Rajasthan. Aliwahi kuwa mwonjaji wa chai, kazi ambayo waonjaji wetu wa kahawa wa Moshi wanaifahamu, kabla ya kuingia kampuni ya Ogilvy mwaka 1982. Matangazo mengi ya India wakati huo yalifikiriwa kwa Kiingereza, kisha yakageuzwa Kihindi. Pandey aliyafikiria kwa Kihindi cha kituo cha basi. Tangazo lake la gundi ya Fevicol ni basi bovu linalokatiza jangwa la Rajasthan, watu wamejaa hadi juu ya paa na ubavuni, linarukaruka na hakuna anayedondoka. Basi linapopita ndipo unaona nyuma yake limebandikwa bango la gundi. Hakuna neno linalosemwa kuhusu ubora wa gundi. Fundi seremala alimwelewa Pandey sawasawa na mkurugenzi wa benki. Alifariki Oktoba 2025.

Mlima uliotangazwa na wengine

Sasa turudi nyumbani. Kahawa ilifikishwa Kilema na mapadri wa Shirika la Roho Mtakatifu katika miaka ya 1890. Tangu hapo imekuwa ada ya shule, bati la nyumba na matibabu ya bibi. Imekuwa kila kitu isipokuwa kinywaji. Kwenye kihamba, yaani shamba la nyumbani, mtu hunywa mbege, pombe ya ndizi, na asubuhi hunywa chai. Kahawa chungu na kashata ni mambo ya vibarazani mwa pwani. Mkulima huichuma, huimenya, huiosha na kuianika, chama cha msingi huipokea, hukobolewa na kupangwa madaraja, kisha huonjwa na kuuzwa mnadani ikiwa kwenye gunia. Kuanzia hapo jina lake ni mali ya mnunuzi.

Japani ndiyo mfano mkubwa. Filamu ya Marekani ya mwaka 1952 iliyotokana na hadithi ya Hemingway kuhusu theluji ya mlima wetu ilipofika huko, Wajapani waliupenda mlima ambao hawajauona, na wachoma kahawa wao wakalitumia jina hilo kwa bidii. Kwa kanuni za biashara yao, arabika iliyooshwa kutoka Tanzania, ukiondoa ya Bukoba, inaruhusiwa kuuzwa kama Kilimanjaro, na mchanganyiko wenye angalau asilimia 30 ya kahawa hiyo unaweza kubeba jina hilo pia. Kwa hiyo kahawa ya Mbinga na ya Mbozi, iliyolimwa mamia ya kilomita kutoka hapa, inanywewa Tokyo kama Kilimanjaro. Ndugu zetu wa kusini wana haki ya kulalamika kwamba jasho ni lao na sifa ni yetu. Sisi nasi hatuna cha kujivunia, kwa kuwa sifa hiyo haipiti mnadani kuja kihambani. Wajapani siwalaumu. Gharama ya kulitangaza jina walilipa wao.

Hapa nchini jina la mlima limefanya kazi kubwa, ila kwa wengine. Bia ya Kilimanjaro ya TBL imedhamini mbio za marathoni za Moshi na timu ya taifa. Maji ya Kilimanjaro yanajazwa na Bonite hapahapa mjini. Kijana wa Rombo ataweza kukuimbia tangazo la bia, lakini umuulize jina la pakiti moja ya kahawa iliyotoka nyuma ya nyumba ya mama yake, atafikiri sana.

Si haki kusema wanaushirika walilala; serikali za nchi hizi mbili zilifuata njia tofauti. Mwaka 1964 Waziri Mkuu wa India, Lal Bahadur Shastri, alikwenda Anand, akalala kijijini kwa wafugaji, akarudi akitaka mfano ule uenezwe nchi nzima, na mwaka uliofuata ikaundwa bodi ya taifa ya maziwa, makao yake Anand na Kurien akiwa mkuu wake. Kwetu, mwaka 1976 serikali ilivivunja vyama vikuu vya ushirika, KNCU ikiwemo, na sheria ya kuvirudisha ikaja mwaka 1982. Jina la biashara linahitaji mtu wa kulishika mkononi bila kuliachia. Miaka ambayo msichana wa Amul alikuwa akizoeleka barabarani ndiyo miaka ambayo sisi hatukuwa na chama cha kumlipa mchoraji. Baada ya kurudi, KNCU iliingia Fairtrade, na mtu anaweza kunywa kahawa ya wanachama katika mkahawa wa Union hapa mjini. Wanaokaa humo, hata hivyo, wengi ni wageni wanaoshuka mlimani.

Kolombia walipita njia nyingine. Shirikisho la wakulima wa kahawa lilikwenda New York mwaka 1959, likaajiri kampuni ya matangazo ya Doyle Dane Bernbach, likapata Juan Valdez, mkulima mwenye nyumbu wa kubeba mizigo. Ni mfano mzuri, lakini unahitaji fedha ambazo hatuna. Wa Anand ulianza na rangi na brashi.

Kwa maoni yangu soko letu la kwanza liko Dar es Salaam, na kila Desemba linakuja lenyewe. Wachagga wanarudi nyumbani Krismasi, kwenda kuhesabiwa kama wanavyotaniwa, na barabara ya Same hadi Himo inajaa mabasi na magari madogo. Wanaporudi mjini wanabeba ndizi, maparachichi na nyama. Kahawa hawabebi, kwa sababu hakuna aliyewahi kuwaambia kwamba kahawa ni zawadi ya nyumbani kama ndizi. Bango moja Njia Panda ya Himo, lililochorwa na kijana wa hapa, linalobadilishwa kila wiki mwezi mzima na kusema Kiswahili cha abiria wa basi, pamoja na pakiti ndogo ya kahawa iliyokwisha kuchomwa na kusagwa inayouzwa hapohapo chini yake: hiyo bajeti AMCOS chache, yaani vyama vya msingi, zikiungana zinaimudu. Amul hueleza kwamba takriban paisa 80 kati ya 100 za kila rupia ya mlaji zinamrudia mfugaji. Gunia haliwezi kukupa hesabu ya namna hiyo. Pakiti inaweza kukukaribisha nayo.

Kikwazo ninachokiogopa ni mihuri. Tangazo linalotania mechi ya Simba na Yanga ya Jumamosi haliwezi kungoja kikao cha bodi cha mwezi ujao, wala barua ya kuomba maoni ya ofisi tano. Kurien alilitatua kwa kumwamini mtu mmoja na kusimama naye siku ya lawama. Kwa hiyo, Ndugu Mwenyekiti, naomba mjadala uanze na swali hili, na wazee wa bodi wawe wa kwanza kujibu: katika chama chako, nani ataandikiwa barua ya kuidhinisha bango siku hiyohiyo, na mkutano mkuu ukimjia juu, nani atasimama upande wake?