Kumtathmini Kijana Kabla ya Kwenda Kucheza Ng'ambo: Suala la Rekodi katika Akademia za Kitengela na Kajiado

(Mada iliyowasilishwa katika semina ya makocha wa vijana, Kitengela)



Nimeombwa nieleze namna ya kupima kama mchezaji yuko tayari kwenda nje. Kwa kifupi tunaangalia umri, mwili, kiwango, nidhamu na ligi anayoiendea. Hayo mnayajua na mnayafundisha, kwa hiyo nayapita.

Wajapani wana la kutufunza. Mrushaji wa besiboli anapotaka kwenda Marekani, hukaguliwa kiwiko na bega, kisha huulizwa: wewe uliyezoea kurusha mara moja kwa wiki, utahimili ratiba inayobana zaidi? Mpira wa kule, unaoteleza zaidi, utakukaa mkononi? Lakini hata hesabu ya klabu anayoiacha huwa imepangwa mapema. Yoshinobu Yamamoto alipojiunga na Los Angeles Dodgers, Desemba 2023, kwa dola milioni 325, klabu yake ya Orix Buffaloes ilistahili kulipwa dola milioni 50.6 hivi. Mrushaji mwingine, Roki Sasaki, aliondoka Januari 2025 kabla ya kutimiza miaka 25. Sheria za malipo kwa wenye umri huo zikambana, akapata bonasi ya dola milioni 6.5 tu, na klabu yake ya Chiba Lotte Marines robo ya hiyo.

Kwetu, kwenye soka, yupo Michael Olunga. Kutoka Gor Mahia alikwenda Djurgården ya Uswidi mwaka 2016, akapitia China na Uhispania, akafika Kashiwa Reysol ya Japani mwaka 2018. Mwaka 2020 alifunga mabao 28, akawa mfungaji bora na mchezaji bora wa ligi. Alipanda ngazi kwa ngazi.

Sasa nije kwenye daftari la usajili, maana ndilo lililonichosha.

Kanuni za FIFA zinasema mchezaji akiuzwa kabla mkataba haujaisha, asilimia 5 ya ada hugawiwa klabu zilizomlea kati ya miaka 12 na 23. Victor Wanyama alipotoka Celtic kwenda Southampton mwaka 2013, ada iliyoripotiwa ilikuwa pauni milioni 12.5. Mwaka mmoja wa malezi akiwa na miaka 16 ni asilimia 0.5, yaani pauni 62,500. Kwa akademia ya mtaani hiyo ni mipira, nauli na viatu kwa miaka kadhaa.

Lakini hulipwi kwa ushahidi wa majirani. Fungua daftari la akademia zetu nyingi: "Brayo", "Kadogo", "Messi wa Noonkopir". Tarehe ya kuzaliwa imefutwa kwa wino mweupe na nyingine kuandikwa juu yake. Kocha anamjua mtoto kwa sura, kwa mama yake na kwa viatu alivyoazima, ila mfumo wa shirikisho la soka haumjui kabisa. Familia nyingine zinahama na mifugo wakati wa ukame, nyingine zinahama kwa sababu ya kodi ya nyumba, na jina la mtoto linaandikwa hivi kwenye kadi ya kliniki, vile shuleni. Kisha tunampunguzia umri ili acheze mashindano ya watoto. Cheti halisi cha kuzaliwa kikitokea baadaye, miaka yote mliyomlea haina pa kushikia. Simlaumu mtu wala ofisi; nasema tu kwamba nimelisema jambo hili katika vikao vingi.

Kwa hiyo napendekeza, kwanza, kila akademia ijiunge rasmi na shirikisho kupitia tawi lake, kwani isiyo mwanachama haina madai. Pili, kila mtoto asajiliwe kwenye mfumo kuanzia miaka 12, kwa jina la cheti. Tatu, kaunti isaidie wazazi kupata vyeti vya kuzaliwa. Nne, kupunguza umri kukome. Tano, mtoto akihama, barua ya kumruhusu iandikwe na nakala ibaki. Sita, wakala anayemwahidi mtoto wa miaka 15 timu ya Ulaya aulizwe maswali, kwani chini ya miaka 18 uhamisho wa kimataifa unakatazwa, isipokuwa kwa sababu chache zilizotajwa. Saba, narudia, majina yawe ya cheti. Nane, narudia tena, usajili uanze miaka 12.

Baada ya chakula cha mchana nitakuwa meza ya nyuma. Leteni madaftari yenu, na vyeti vya watoto kama mnavyo, tuanze leo.