Maneno ya Kiingereza Yenye Mkia wa "-ly"

Mazungumzo haya yahusu jambo dogo katika lugha ya Kiingereza, lakini udogo wake umewapotosha watu wengi wenye kusoma kwa bidii. Jambo lenyewe ni vielezi, yaani maneno yaelezayo jinsi tendo linavyotendwa, na hasa vile viishiavyo kwa "-ly".

Mahali pafaapo kuanzia ni Dagahaley, kambi ya wakimbizi iliyofunguliwa mwaka 1992 karibu na mji wa Dadaab, katika Kaunti ya Garissa. Jina hilo ni la Kisomali. Neno "dhagax" maana yake ni jiwe, na mwisho wa "-ley" waonyesha kuwa na kitu; basi Dagahaley ni mahali penye mawe. Mtoto wa Kisomali ajua tangu nyumbani kwamba silabi moja nyuma ya neno yaweza kubeba maana kamili. Walakini mkia wa Kiingereza, ijapokuwa sauti yake yafanana na huo, una kazi nyingine.

Kisomali, kikitaka kueleza jinsi ya tendo, hutanguliza neno "si", ambalo maana yake ni namna: "si fiican" ni vizuri, na "si degdeg ah" ni kwa haraka. Kiswahili nacho huweka alama yake mbele: kwa bidii, vibaya, kitoto. Kiingereza huiweka nyuma: "careful" ni mwangalifu, na "carefully" ni kwa uangalifu. Mkia huo watokana na neno la Kiingereza cha kale, "lic", lililokuwa na maana ya mwili au umbo. Kwa hiyo wazo la lugha hizi tatu halipishani sana. Linalopishana ni mahali pa kuweka alama.

Mwanafunzi akiisha kuijua kanuni hiyo hufurahi, akautia mkia huo kila mahali. Hapo ndipo taabu inapoanza, kwa sababu yako maneno machache ambayo yakipata mkia hugeuka maana kabisa.

La kwanza ni "hard". "He works hard" maana yake ni kwamba mtu huyo afanya kazi kwa bidii. "He hardly works" maana yake ni kwamba hafanyi kazi ila kidogo mno. Zamani "hardly" lilikuwa na maana ya kwa nguvu au kwa ukali. Baadaye likawa na maana ya kwa shida. Mwisho, jambo lifanyikalo kwa shida likahesabiwa kama kwamba halifanyiki. Hata Mswahili asemapo kuwa fulani amepita mtihani kwa shida, msikilizaji huelewa kwamba ilibaki kidogo tu ashindwe.

La pili ni "late". Aliyekuja "late" amechelewa. Lakini "lately" ni siku hizi za karibuni. La tatu ni "near". Mtoto aliyekwenda "near" kisima amefika karibu nacho. Lakini "he nearly fell" ni karibu aanguke, wala hakuanguka. Kiswahili hutumia neno moja, karibu, kwa maana zote mbili, na kwa hiyo msemaji wa Kiswahili hukosea hapo kwa urahisi. La nne ni "short". Mganga akisema atakuja "shortly", haina maana kwamba atakaa muda mfupi, bali kwamba atafika baada ya muda mfupi.

Pengine mtu atasema kwamba hayo ni mambo ya mwalimu na kalamu yake nyekundu tu. Sivyo. Na iwe mfano wa kijana wa Dagahaley aombaye kazi. Akiandika kwamba katika miaka mitatu "I hardly worked", amejishtaki mwenyewe kwa uvivu, na msomaji wa barua hana njia ya kujua kwamba alitaka kusema bidii. Au na iwe mama ampelekaye mtoto hospitali. "He is breathing hard" ni kwamba mtoto anahema kwa nguvu. "He is hardly breathing" ni kwamba pumzi karibu imekatika. Mkalimani akilichukua moja mahali pa jingine, mganga atapewa habari za ugonjwa usiokuwapo.

Tena shule za kambini hufuata mafundisho ya Kenya, na karibu masomo yote ya sekondari husomwa kwa Kiingereza. Vijana waliotoka kambi za Dadaab kwenda vyuo vikuu vya Kanada kwa msaada wa shirika la WUSC, lenye mpango wa wanafunzi wakimbizi tangu mwaka 1978, iliwapasa kwanza kujieleza kwa lugha hiyo.

Yafaa pia kukumbuka kwamba si kila neno lenye mkia huo ni kielezi. "Friendly" ni sifa ya mtu mwenye urafiki, na "lonely" ni sifa ya mpweke. Kwa upande mwingine, "fast" ni kielezi bila mkia wowote, na kielezi cha "good" ni "well".

Dawa yake ni nyepesi. Mwanafunzi asijifunze maneno hayo kama neno moja na mkia wake, bali kama maneno mawili mbalimbali. Achukue daftari, aandike "hard" upande mmja na "hardly" upande wa pili, na chini ya kila moja sentensi yenye habari za maisha yake mwenyewe, pamoja na maana yake kwa Kiswahili au Kisomali. Afanye vivyo hivyo kwa "late", "near" na "short". Kurasa nne zatosha, na siku ya kuandika barua ya kazi au kumsemea mgonjwa atajua ni neno gani la kutumia.