Tuulize Kozi Kabla ya Jina la Chuo

(Hotuba iliyotolewa msikitini mbele ya wazazi na vijana waliomaliza Kidato cha Sita)



Nimetakiwa nizungumze juu ya uchaguzi wa chuo, na naona vema nianze na fedha, kwa kuwa ndiko machozi mengi yatokako. Mzazi huuza kiwanja, akamkabidhi mwanawe ada ya mwaka wa kwanza, na nyumbani hakuna aliyekaa kitako kuhesabu miaka iliyosalia. Udaktari husomwa miaka mitano, na baada yake upo mwaka mzima wa mafunzo kwa vitendo hospitalini. Uhandisi ni miaka minne. Kiwanja kimoja hakifiki huko, na kijana arudishwaye nyumbani mwaka wa tatu kwa kukosa ada hana shahada, na kiwanja nacho hakipo tena.

Hivyo basi, swali la kwanza lisiwe chuo gani kina sifa. Liwe hili: kozi hii ni ya miaka mingapi, yataka kiasi gani, na mwisho wake yamfikisha mtoto wapi? Twaeni mfano wa sheria. Wengi hudhani kwamba mwenye shahada ya sheria tayari ni wakili. Sivyo. Hapa Tanzania Bara, atakaye uwakili baada ya shahada hiyo hupitia Taasisi ya Uanasheria kwa Vitendo, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 2007; na katika matokeo yaliyozua mjadala mkubwa nchini mwaka 2022, kati ya wanafunzi 633 waliofaulu walikuwa 26 tu. Sisemi haya ili kuwakatisha tamaa wanaotaka sheria. Nasema ili mzazi aijue safari yote kabla ya kuuza kitu. Mhandisi naye husajiliwa na bodi yake, na daktari na baraza lake. Kozi isiyotambuliwa na wasajili hao ni mbuzi wa kuuziwa kwenye gunia, hata kama chuo kina geti la marumaru.

Chuo chenyewe nacho kitazamwe kama kina ithibati ya Tume ya Vyuo Vikuu, yaani TCU. Mwaka 2020 Tume hiyo ilifuta vibali vya vyuo kadhaa, vikiwemo vilivyokuwa na majina mazuri tu. Na wale mawakala wanaozunguka na picha za vyuo vya ng'ambo, waulizeni kwanza kama shahada ya huko itatambuliwa na Tume mtoto atakaporudi. Atakayebabaika, mwacheni aende zake.

Tangu mwaka 2017 kijana hupeleka maombi yake moja kwa moja vyuoni. Akichaguliwa na zaidi ya chuo kimoja, ni lazima athibitishe kimoja kwa namba anayotumiwa. Nafasi zimepotea kwa sababu ya simu iliyouzwa au laini iliyobadilishwa.

Mkopo wa Serikali wapo wanaouogopa kwa ajili ya riba. Ile tozo ya asilimia 6 ya kulinda thamani ya fedha, iliyokuwa ikiwatia wengi wasiwasi, ilifutwa mwaka 2021. Aliyebaki na shaka amwendee sheikh wake mapema, asikae na uvumi wa zamani mpaka muda wa maombi ukapita. Cheti cha kuzaliwa huhakikiwa kwanza. Yatima hutakiwa pia cheti cha kifo cha mzazi, na hapo ndipo wengi wetu hukwama, maana mzee alizikwa siku ile ile na cheti hakikufuatwa.

Ndugu zangu, lipo jambo jingine linalosemwa kwa sauti ya chini. Binti amefaulu Kemia na Baiolojia, amepata nafasi ya udaktari Dodoma au Mwanza, na baba anasema hapana, atafutiwe kozi yoyote iliyo karibu na nyumbani. Hofu ya baba naielewa, wala si ya kuchekwa. Lakini dawa yake ni kuuliza habari za malazi: je, hosteli ya wasichana ipo ndani ya chuo, nani huisimamia, pana jumuiya ya wanafunzi wa Kiislamu, pana ndugu wa jamaa katika mji ule? Haya yanaulizika, na yakiulizwa mara nyingi hupatikana jibu. Kumbadilishia kozi hakumlindi. Humfanya asome miaka mitatu kitu asichokitaka. Na baba huyo huyo, mkewe akipelekwa kujifungua, huwa wa kwanza kunung'unika kwamba amepokelewa na tabibu mwanamume. Sasa anataka binti wa nani amhudumie?

Wengine hutosheka kusikia kwamba chuo ni cha Waislamu. Chuo Kikuu cha Waislamu cha Morogoro ni chetu na tukiunge mkono, lakini hicho nacho kiulizwe maswali yale yale: kozi ipo, ada ni kiasi gani, ithibati ikoje.

Katibu wa elimu atakuwepo hapa barazani kila Jumamosi baada ya Adhuhuri. Njooni na matokeo, cheti cha kuzaliwa, na mtoto mwenyewe. Mzazi asiyejua kusoma asione haya kuja, fomu atasomewa.

Wassalaam.