Fundi, Hii Ni Yako



Jumamosi nilikuwa Kawangware, kwa fundi anayenichomelea geti. Alikuwa anakata mabomba kwa grainda, cheche zinaruka hadi barabarani, na kando yake mwenzake ananyoosha bati kwa nyundo. Nikatoa simu, nikampigia albamu ya Duma, bendi ya muziki wa metali. Akazima grainda. Akasikiliza wimbo wa kwanza hadi mwisho, miwani ya kazi ameipandisha kwenye paji la uso, kisha akauliza, "Hawa ni watu wa wapi?"

Nikamwambia ni wa hapa hapa Nairobi. Hakuniamini.

Na angejuaje? Albamu hiyo ilitoka Agosti 2020, na sijaisikia ikipigwa redioni hata siku moja. Walioitengeneza ni wawili tu: Martin Khanja, anayejiita Lord Spikeheart, mwenye ile sauti ya kupasua kifua, na Sam Karugu wa gitaa na mitambo. Si wageni katika metali. Khanja alitoka bendi ya Lust of a Dying Breed, Karugu akatoka Seeds of Datura, zote za Nairobi. Jina la Duma linatuchanganya sisi Waswahili, tukadhani ni yule mnyama mwenye mbio. Kumbe ni nduma ya Kikuyu, giza. Mpiga ngoma hayupo. Ngoma zimeundwa kwa kompyuta, na zinakwenda kasi isiyowezwa na mkono wa mtu. Walirekodi Kampala, albamu ikatolewa na lebo ya Nyege Nyege Tapes ya huko huko, na Ulaya wakawasifu.

Niliwahi kuomba albamu hii ipigwe katika kituo kimoja. Nikaambiwa ni kelele, tena metali ni muziki wa watoto wa matajiri. Jibu lile liliniuma. Tony Iommi wa Black Sabbath alikuwa na miaka 17, anafanya kazi kiwandani Birmingham, mashine ya kukandamiza bati ilipomkata ncha za vidole viwili. Akayeyusha chupa ya plastiki, akajiundia ncha nyingine, na baadaye akalegeza nyuzi za gitaa zisimuumize. Sauti ikawa nzito, ndiyo hii ya metali. Hiyo ni jua kali tupu! Nilipomsimulia fundi wangu, alinikatiza kabla sijamaliza: keshaelewa.

Na mtoto wa Laini Saba, pale Kibera, aliyelala chini ya bati usiku wa mvua ya Aprili, ngoma za Duma anazijua tayari.

Mwaka 2024 Khanja alitoa albamu yake mwenyewe, The Adept, chini ya lebo yake, Haekalu. Akamtunukia Muthoni wa Kirima, jemadari wa Mau Mau, bibi wa ukoo wake. Hayo nayo ni ya watoto wa matajiri?

Mhariri amenipa dakika tatu baada ya maoni haya, nipige wimbo wa Duma. Fundi wangu wa Kawangware, kama redio iko wazi, zima grainda kidogo.