Kukata si Kung'oa: Tabia ya Minyoo Fundo na Mabua Yanayobaki Shambani

Mada kwa semina ya maofisa ugani na viongozi wa vyama vya msingi vya wakulima wa tumbaku, Isevya, Tabora



Nimeombwa nizungumzie jeni, neva na tabia ya minyoo fundo. Fasili mnazijua, nitazipitia haraka. Minyoo fundo, kwetu hasa Meloidogyne incognita na Meloidogyne javanica, ni viumbe vidogo vinavyoingia kwenye mizizi ya tumbaku, nyanya na bamia na kuifanya ivimbe. Jeni ni maelekezo ya urithi ndani ya seli. Neva hupokea habari na kuifikisha kwenye misuli. Tabia ni lile analofanya mnyama habari ikishafika.

Sehemu kubwa ya elimu hii imetokana na mnyoo mwingine asiyedhuru mimea, Caenorhabditis elegans, ambaye hula bakteria kwenye matunda na majani yaliyooza. Makala ya Sydney Brenner kuhusu urithi wake ilitoka mwaka 1974. Ana neva 302 tu, na ramani ya miunganiko yake ilichapishwa mwaka 1986. Mwaka 1998 ilibainika kwamba badiliko la asidi amino moja katika protini ya jeni npr-1 linatosha kumfanya mnyoo ale peke yake au ajikusanye na wenzake. Nawasihi tusiyahamishe matokeo ya maabara yote kama yalivyo hadi kwenye shamba la Urambo au Sikonge. Hata hivyo, mambo mawili yanatuhusu moja kwa moja.

La kwanza ni kunusa. Mnyoo fundo anayetoka kwenye yai ana urefu usiofika nusu milimita. Hali chochote mpaka aingie kwenye mzizi. Anaishi kwa akiba ya mafuta aliyotoka nayo. Kichwani ana vitundu viwili vyenye ncha za neva, navyo humwelekeza kwenye hewa ukaa na kemikali zinazotoka mzizini. Watafiti waliponyamazisha baadhi ya jeni za kundi la flp, ambazo hutengeneza protini fupi za kupitishia habari kati ya neva, minyoo wengi walishindwa kuufikia mzizi. Akishatulia ndani, jike huvimba na misuli ya kutembelea hudhoofika. Hatoki tena.

La pili ni dawa. Dawa za kundi la kabamati, kama aldikabu, huzuia kimeng'enya kinachoondoa asetilikolini baada ya neva kutoa amri. Misuli hukaza, mnyoo huganda. Kwa kipimo kidogo hafi. Hupotewa na mwelekeo, na mvua ikishaiosha dawa huweza kuzinduka. Mkulima huona miche imesimama vizuri mwanzoni, kisha Februari majani yananyauka mchana. Hudhani ameuziwa dawa feki. Mara nyingine ni kweli, lakini mara nyingi dawa imefanya kazi yake na muda wake umekwisha.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo nimelisema kwa miaka mingi, nalo ni mabua.

Machumo ya mwisho yakiisha, mkulima hukata bua kwa panga. Mzizi unabaki ardhini, hai, na maotea yanachipua. Katika udongo wenye joto na unyevu, kizazi kimoja cha minyoo hukamilika kwa mwezi mmoja hivi. Jike hutaga mamia ya mayai, na wa aina hizi mbili hahitaji dume. Mayai yamefunikwa na utelezi mzito unaoyakinga yasikauke, na mzizi wenyewe unayakinga zaidi. Tunamwekea mnyoo ghala, kisha Novemba tunampelekea miche.

Niliwahi kufanya kazi katika ofisi iliyotoa waraka mzuri: masalia yote yaharibiwe. Wakulima wakakusanya mabua wakayachoma. Moshi ulionekana, fomu zikajazwa, taarifa ikapanda juu. Nilipochimba baada ya wiki chache, mizizi ilikuwa ileile, na vifundo vyake. Niliandika tena. Sikujibiwa.

Simlaumu mkulima. Wakati huo yuko kwenye bani, anapanga madaraja, anafunga mitumba, anasubiri soko. Kung'oa ni kibarua kisicholipwa, na mkopo wa pembejeo hauna fungu lake. Kwa hiyo husema shamba limechoka, akafyeka miombo mipya. Shamba lile halikuchoka, lina wakazi. Na jembe analokwenda nalo msituni lina udongo wa zamani. Mnyoo huyu kwa nguvu zake hasafiri hata mita chache kwa msimu. Sisi watu wa njia ya misafara tunafahamu kwamba mzigo huenda mbali kwa mabega ya mpagazi, na mpagazi wake ni jembe, tairi la mkokoteni na mche wa kitalu.

Mapendekezo yangu ni haya. Mzizi ung'olewe ndani ya wiki mbili baada ya machumo ya mwisho, ugeuzwe juu, ukaushwe na jua. Vyama vya msingi viombe fungu la kung'olea liingizwe kwenye mkopo wa pembejeo. Ukaguzi uhesabu mizizi, si majivu. Vitalu visirudiwe mahali pale pale, wala visimwagiliwe kwa maji yanayotiririka kutoka shamba la tumbaku. Jembe lioshwe kabla ya kuvuka shamba. Kwenye mzunguko wa mazao, karanga, marejea na nyasi za Rhodes aina ya Katambora zipewe nafasi. Mahindi yasihesabiwe kuwa pumziko kamili, kwa kuwa mnyoo huweza kuishi humo. Sesbania inarutubisha udongo lakini inamlisha mnyoo, isipandwe kabla ya tumbaku. Aina za tumbaku zenye jeni Rk zinazuia baadhi ya makundi ya incognita, si javanica; mkulima aambiwe hivyo kabla hajanunua mbegu. Dawa itumike wakati wa kupanda ili kumchelewesha mnyoo, isiwe badala ya kung'oa. Na narudia: kukata si kung'oa. Bila hilo, mengine yote niliyoyataja yatapunguza hasara msimu mmoja tu.

Nimeleta mabua kumi kwenye gunia, yako mezani nyuma ya ukumbi. Tafadhali kila mmoja apasue angalau mzizi mmoja kabla ya chai. Udongo usimwagwe nje. Majirani zetu hapa wamepanda nyanya nyuma ya nyumba. Kuna ndoo ya maji ya kunawia mlangoni, na gunia nitaondoka nalo mwenyewe.