Taka za Shaba Mtoni Kafue

Tarehe 18 Februari 2025, bwawa la taka la kiwanda cha kuchenjua shaba lilipasuka Chambishi, Zambia. Kwa makadirio ya awali, takriban lita milioni 50 za maji yenye tindikali zikaingia Mto Mwambashi, kisha Kafue. Samaki wakaelea wamekufa, mahindi yakaungua mashambani, jiji la Kitwe likakatiwa maji ya bomba.

Mwenye kiwanda, Sino-Metals, ni kampuni tanzu ya shirika la serikali ya China. Na China yenyewe, tangu 2013, inazitaka kampuni zake zinazowekeza nje zitii sheria za mazingira za nchi mwenyeji. Mwongozo mzuri, ila hauna adhabu.

Basi kinga ya mwananchi ni mkaguzi wa mazingira wa nchi yake. Serikali zetu zimpe gari, maabara, na mamlaka ya kufunga kiwanda kabla ukuta haujapasuka.